Osileta B ya Pro-One: ikiwa baridi inaimba, ikipata joto inahamia noti nyingine

Mashine yenyewe ni Pro-One, sinthesaiza ya Sequential Circuits ya San Jose, California, iliyotoka 1981. Vibonyezo 37, inapiga noti moja tu kwa wakati, na ina osileta mbili (sehemu zinazozalisha sauti yenyewe), A na B. Ukiziweka zote kwenye noti moja alafu ukaitenganisha B kidogo sana, unapata ule unene wa sauti ambao watu mpaka leo wanautafuta kwa pesa nyingi, ndio maana ugonjwa wa hii uliniuma, manake A haikuwa na neno, B ndio ilikuwa haikai. Mwenyewe ni mzee mmoja hapa Mombasa aliyepiga na bendi za mahoteli ya pwani miaka ile, aliinunua kwa mwanamuziki mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na akanieleza ugonjwa vizuri kuliko mafundi wengi niliowahi kusikia: "Kijana wangu, kikiwa baridi hakina shida kabisa. Nikishapiga nyimbo mbili tatu huyu mmoja anapanda, anapanda, mpaka anatoka kwenye ufunguo. Namrudisha kwa nobu, tunaendelea. Usiku nazima, asubuhi nikiwasha namkuta yuko chini."

Hiyo sentensi ya mwisho ishike, ina maana kubwa. Kitu kinachopanda kikipata joto, alafu ukikituni kikiwa na joto unakikuta chini kesho yake, hicho kinafuata joto kwenda na kurudi. Sio kitu kinachokufa taratibu, ni kitu kizima ambacho tabia yake hailingani na kazi kiliyopewa.

Mzee alikuwa ameshazunguka. Kuna fundi alimwambia IC (ile chipu nyeusi yenye miguu) ya osileta imekufa, aagize ng'ambo, na mwanawe alipokuja nayo kwangu alikuwa tayari kwenye simu anatafuta bei. Nikawaambia tusinunue kitu kwanza. IC inayosemwa ni CEM3340, kazi ya Doug Curtis na kampuni yake Curtis Electromusic, na miaka ya themanini hii ndio ilikuwa moyo wa sinthesaiza nyingi sana: Prophet-5 Rev 3, Oberheim OB-Xa, Memorymoog, Roland Jupiter-6, SH-101. Baadaye ikaacha kutengenezwa, ikawa adimu, bei ikaruka, na hapo ndipo ikapata jina la kulaumiwa, yaani osileta ikikohoa tu mtu anasema ni CEM hiyo. Siku hizi hali si mbaya, CEM3340 yenyewe ilirudi sokoni 2016 na kuna AS3340 ya kiwanda cha Alfa kule Riga, Latvia, lakini bado ni pesa, bado ni kungoja mzigo, na kama si yenyewe mgonjwa utakuwa umetumia yote hayo na B itaendelea kupanda vilevile.

Kabla ya kushika bisibisi tuelewane kwanza noti inatengenezwaje pale ndani, la sivyo hatua zote zinazofuata zitaonekana ni bahati nasibu. Kibodi inatoa volti, kila okteva ni volti 1. Hiyo volti pamoja na ya nobu ya frikwensi na nyinginezo zinajumlishwa zinaingia kwenye IC kwa pini ya 15, yaani mguu wake wa 15. Ndani kuna sehemu inayogeuza hiyo jumla kuwa mkondo, tena kwa kuzidisha: ukiongeza volti 1 mkondo unakuwa mara mbili, ukiongeza nyingine unakuwa mara nne. Mkondo huo unakwenda kujaza kapasita moja (kifaa kidogo cha kuweka chaji ya umeme) iliyokaa nje ya IC kwenye pini ya 11, ikijaa mpaka kiwango fulani IC inageuza mkondo inaanza kuimwaga, ikishuka mpaka kiwango cha chini inageuza tena, na huko kupanda na kushuka ndio wimbi la pembetatu, meno ya msumeno na palsi yote yanazaliwa kutoka hapo. Kapasita ikiwa ndogo inajaa haraka, noti inakuwa juu, ikiwa kubwa noti inakuwa chini. Thamani iliyo kwenye karatasi ya data ya IC ni 1000 pF, yaani nanofaradi 1, kitu kidogo kabisa, na noti nzima imekaa juu yake.

Kwa hiyo washukiwa ni wachache: umeme wa mashine, volti zinazoingia, IC yenyewe, risista (vizuizi vya mkondo) zinazoizunguka, na hiyo kapasita. Basi. Kazi ni kuwaondoa mmoja mmoja kwa ushahidi, sio kwa kuhisi.

Umeme nilianza nao manake mashine hii ni ya soko la Marekani, inakula volti 120, na huku stima ni 240, kwa hiyo mzee anaitumia na transfoma ya kushushia. Nikapima njia za umeme zinazolisha bodi ikiwa baridi na tena ikiwa na joto, kwanza DC alafu AC kuona kama kuna mtetemo unaopita kwenye kapasita za kuchujia ambazo zina zaidi ya miaka arobaini. Hakuna kilichosogea cha maana. Na hata kwa akili tu, A na B zinakula sahani moja, umeme ungekuwa unahama A nayo ingehama. Umeme huru. (Ukifungua mashine za namna hii chomoa kabisa kwenye soketi ya ukutani kabla ya kuweka mkono upande wa transfoma na fyuzi, swichi ya mashine peke yake usiiamini.)

Sasa nilipoiacha inapiga noti moja ya B huku nikiangalia tyuna (kipimo cha noti), nikaona kitu ambacho mzee hakukitaja. Ile kupanda taratibu ilikuwepo, lakini katikati yake kulikuwa na kuruka, sauti inaruka juu kidogo alafu inarudi, na nikigonga bodi polepole kwa kijiti cha plastiki karibu na IC ya B inaruka zaidi. Hapa wengi wanachanganyikiwa manake wanatafuta sababu moja ya yote mawili. Mimi nikayatenganisha palepale. Kuruka ukigonga ni mguso mbovu mahali, joto halina habari na kugonga. Kupanda polepole ni joto. Ni magonjwa mawili yaliyokaa nyumba moja, na lazima ule wa kuruka uondoke kwanza kwasababu ukibaki kila kipimo chako cha pili kitakuwa na uongo ndani yake.

Kwenye mashine hii IC zimekaa kwenye soketi, na hewa yetu ya pwani na chumvi yake inajulikana. Nikaing'oa IC ya B, bisibisi nyembamba bapa chini yake, unainua upande huu kidogo alafu upande ule kidogo, usivute upande mmoja mpaka mwisho utakunja miguu. Miguu 18, na karibu yote ilikuwa imefanya weusi. Nikaisafisha kwa kifutio cha penseli taratibu, soketi nikaipitisha spiriti ya isopropili, ikakauka, nikarudisha IC nikiangalia ile alama ya ncha ikae upande wake. Kuruka kukaisha. Gonga utakavyogonga, kimya.

Mzee akaja kusikiliza, akapiga, ikawa tamu muda wote aliokuwa pale, akafurahi akasema basi imepona. Nikamwambia Mzee bado, subiri. Mashine ilikuwa imefunguliwa mfuniko, feni inapiga juu yake, joto lingetoka wapi? Hii ndio sababu mashine nyingi zinarudi kwa fundi wiki hiyohiyo: zinatengenezwa zikiwa wazi, zinapimwa zikiwa wazi, zinakwenda kufungwa na kuwekwa kwenye chumba cha moto na ugonjwa unaamka. Ugonjwa wa joto unapimwa mfuniko ukiwa umefungwa. Nikaingiza waya wa kipimajoto ndani, nikafunga, nikazima feni, nikaiacha. Ndani ilianza kwenye nyuzi 30 hivi na ikatulia kwenye 38. Na B ikapanda vizuri kabisa, safari hii bila kuruka hata mara moja, mstari safi. Hiyo ndio picha niliyokuwa naitaka.

Baada ya hapo IC. Pro-One ina kitu ambacho sinthesaiza ya osileta moja haina, nacho ni pacha mzima aliyekaa pembeni. Nikazima, nikangoja ipoe, nikaichukua IC ya A nikaiweka kwa B na ya B nikaiweka kwa A, nikafunga, nikaacha ipate joto. Kama IC ndio mgonjwa, ugonjwa utahamia A. Haukuhama. Sasa B ilikuwa na IC nzima ya A na bado ikapanda vilevile, na A ilikuwa na ile IC iliyosemwa imekufa na ikakaa imara. Kwa hiyo aliyekuwa anashtakiwa hana kosa, mwana wa mzee akaweka simu mfukoni. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, hakihitaji osiloskopu, na kingefanywa na fundi wa kwanza hadithi ingekuwa fupi.

Hapo mtu anaweza kuanza kubadilisha kila kitu kilichobaki upande wa B. Sipendi. Kuna kipimo kingine kinachokupunguzia kazi sana, nacho ni kuangalia okteva tofauti zinahama kwa kiasi gani. Ikiwa baridi niliiweka B sawa kwenye noti ya A (noti ya muziki, sio osileta A), okteva tatu: hezi 110, 220 na 440. Ilipopata joto nikasoma tyuna tena. Ile ya 110 ilikuwa imepanda senti 128, ya 220 senti 130, ya 440 senti 127. Senti 100 ni semitoni moja, kwa hiyo kila mahali imepanda semitoni moja na robo na kitu. Ndio maana mzee alisema inatoka kwenye ufunguo, ni kweli ilikuwa inatoka.

Kwanini namba hizo kulingana ni jambo kubwa? Kwasababu ile sehemu ya IC inayogeuza volti kuwa mkondo kwa asili yake inaathirika na joto, kama asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja, na CEM3340 ina fidia ya ndani ya kulirekebisha hilo. Fidia ikiharibika, noti zinavutana: iliyo okteva moja kutoka kwenye noti ya rejea inahama karibu senti 4 kwa nyuzi, iliyo okteva tatu inahama 12. Kwa nyuzi 8 tungeona noti moja imehama 30 na nyingine 90, kinanda kizima kinanyooka au kinabanwa. Hatukuona hivo. Tuliona kinanda kizima kimebebwa kama kilivyo kikawekwa juu kidogo, nafasi kati ya noti na noti haijaguswa. Kinachofanya hivo ni ama volti fulani imeongezwa kwenye jumla, ama mkondo wa rejea umehama, ama kapasita imepungua.

Volti rahisi kuipima. Senti 130 kwa kipimo cha volti 1 kwa okteva ni karibu milivolti 108, na hizo sio za kujificha, multimita ya kawaida inaziona. Nikapima kutoka kibodini, nikapima kwenye mguu wa kati wa nobu ya frikwensi ya B, baridi na joto. Vilitulia. Risista nazo, hata ukichukua ya kawaida inayohama sehemu 100 kwa milioni kwa kila nyuzi, nyuzi 8 zinakupa asilimia 0.08, wakati sisi tunatafuta kitu kilichohama karibu asilimia 8. Risista ingelazimika iwe imepasuka ndio ifanye hivo. Sasa macho yote yakaenda kwenye kapasita.

Hapa ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nilichukua mrija wa soda nikaupachika mbele ya drayari ya nywele iliyowekwa kwenye kiwango cha chini, ili hewa ya moto iende kwenye kitu kimoja badala ya bodi nzima. Nikapuliza risista zinazoingia pini 15, B ikasogea senti chache tu. Nikapuliza IC, ikasogea kidogo ikarudi. Nikahamisha mrija kwenye kapasita, na sauti ikaondoka palepale, inapanda huku unaisikia, sio ya kusoma kwenye tyuna, unaisikia na masikio. Usitumie kidole kwa kipimo hiki, mwili wako wenyewe unaongeza kapasitensi pale na noti itashuka kwa sababu nyingine kabisa, utadanganyika.

Alafu nikageuza, nikachukua spree ya baridi, nikaipa kapasita tone dogo. Noti ikashuka kama unavyotegemea. Ikaendelea kushuka kidogo, ikasimama, alafu ikageuka ikaanza kupanda, huku kapasita inazidi kuwa baridi. Nikaiacha ipate joto la chumba, ikarudi njia ileile kinyume, ikashuka, ikasimama, ikapanda. Nikarudia mpaka nikaridhika. Hakuna risista inayofanya hivo, hakuna kapasita ya polistaireni, ile ya plastiki, inayofanya hivo. Kuna aina ya kapasita za seramiki, zile za daraja la chini zinazoandikwa Y5V au Z5U, ambazo ukubwa wake uko juu kabisa karibu na nyuzi 25 na unapungua ukienda upande wowote, moto au baridi. Y5V inaruhusiwa kupoteza mpaka asilimia 82 ya thamani yake ndani ya joto la kutoka hasi 30 hadi 85, hiyo ndio sifa yake rasmi, haijaharibika. Chumba changu kilikuwa nyuzi 30, kwa hiyo kuipoza kulikuwa ni kuipeleka kwanza kwenye kilele chake, noti ikashuka, alafu kuipitisha upande wa pili, noti ikapanda. Ile kona ya kugeuka ilikuwa kama imesaini jina lake.

Nikachukua lenzi. Kwenye osileta A kapasita ni ile ya bomba jeupe linalong'aa, unaona karatasi ya fedha imeviringwa ndani, polistaireni halisi. Kwenye B palikuwa na kisahani cha rangi ya udongo, kimeandikwa 102Z, na miguu yake imelehemiwa kwa risasi yenye rangi tofauti na ya bodi nzima, na ukoko kahawia wa fluksi (dawa ya kulehemia) umebaki pembeni. 102 ni 10 na sifuri mbili, 1000 pF, sawa kabisa na inayotakiwa, na hapo ndipo mtego ulipo, kwasababu aliyeibadilisha zamani alisoma namba akakuta ni ileile akaona kazi imeisha. Herufi ya mwisho ndio inayosema ukweli: Z ni kwamba thamani halisi inaweza kuzidi kwa asilimia 80 au kupungua kwa 20. J ingekuwa asilimia 5. Huyo fundi simjui, na inawezekana alikuwa na mashine iliyokufa kabisa mbele yake na show jioni, akaweka alichokuwa nacho ikaimba. Simlaumu kwa hilo. Ila ilitakiwa mtu arudi baadaye aiweke ya kweli, na hakuna aliyerudi kwa miaka yote hiyo.

Ya kubadilishia iwe gani? Jibu la haraka ni seramiki ya daraja la juu, C0G, wengine wanaiita NP0, hiyo inahama sehemu 30 tu kwa milioni kwa nyuzi, kwa nyuzi 10 ni nusu senti, sikio halijui. Ni nzuri, inapatikana, bei yake ya chini. Polistaireni inahama zaidi, kama sehemu 120 kwa milioni, karibu senti 2 kwa nyuzi 10. Kwa karatasi C0G imeshinda. Lakini mashine hii ina osileta mbili na uzuri wake wote uko kwenye tofauti kati yao. Nikiweka C0G kwa B na A ikabaki na polistaireni, kila joto likipanda A inasogea senti 2 na B inabaki, ule mtetemo wa taratibu mzee alioutega kwa sikio unabadilika kasi wimbo ukiwa katikati. Afadhali zihame zote mbili kidogo na kwa pamoja. Sasa chaguo ni mbili, ama kubadilisha zote mbili ziwe C0G ama kutafuta polistaireni kwa B, na kuichomoa kapasita nzima ya A iliyokaa tangu kiwandani bila kosa sikuona sababu.

Polistaireni mpya siku hizi ni shida kuzipata madukani, lakini radio mbovu za zamani zimejaa. Radio za miaka ya sabini zinazitumia kwenye saketi za kutafutia stesheni, na sababu ni hiyohiyo ya joto: koili za feraiti zinahama upande mmoja na polistaireni inahama upande mwingine, zinafutana. Nina sanduku la bodi za radio, nikatoa zenye 1000 pF nikazipima kwa mita ya kapasita, nikachagua iliyokaribiana zaidi na ya A. Kama huna sanduku kama hilo weka C0G pande zote mbili na ulale usingizi.

Kuilehemu ni kwa adabu. Polistaireni haipendi moto, kikomo chake ni nyuzi 85 hivi, maji hayajachemka bado yenyewe imeshaanza kulegea na thamani yake inahama moja kwa moja. Nikabana mguu kwa koleo ndogo kati ya kapasita na bodi ili joto liishie kwenye koleo, chuma kikiwa safi na cha moto wa kutosha ili mguso uwe mfupi, mguu mmoja, pumzika, mguu wa pili. Asetoni usiilete karibu, inaiyeyusha. Isopropili haina neno, na nikaitumia kusugua ule ukoko wote wa fluksi kuzunguka pini 11, hilo usiliruke hasa ukiwa pwani. Kwenye noti za chini kabisa mkondo unaojaza kapasita ni mdogo mno, na fluksi ya zamani ikinyonya unyevu inakuwa njia ya kuvuja, unapata noti za juu sawa na za chini zimepinda, alafu unaanza kutafuta ugonjwa mwingine ambao haupo.

Kapasita mpya ina maana kutuni upya, trima (skrubu ndogo za kurekebishia zilizo kwenye bodi) zilikuwa zimekazwa kufuata ile ya zamani. Kwanza nikaiacha mashine ipate joto lake kamili imefungwa, alafu nikafungua nikafanya haraka. Trima ya skeli ya B, ile inayopanga upana wa okteva, ndio kazi kubwa: unapiga 110 unaiweka sawa kwa nobu, unapiga 440 unaangalia imezidi au imepungua, unageuza trima kidogo, unarudi 110, manake ukigusa trima, noti ya chini nayo inahama, unazunguka hivo mpaka zote zimekaa. Mwisho nikaacha tyuna nikatumia masikio, A na B pamoja kwenye 440. Tofauti ya senti moja pale ni robo ya hezi, yaani sauti inavimba na kupungua mara moja kwa kila sekunde nne, hakuna tyuna ya bei yangu inayoonyesha kitu kidogo hivo vizuri kama sikio lililotulia.

Nikaifunga nikairudisha kwenye mtihani uleule, feni imezimwa, 30 mpaka 38. A ikapanda senti 3, B ikapanda 4. Kutoka 130 mpaka 4. Mzee alipokuja sikumwambia kitu, nikamwachia tu ikiwa imeshawaka muda mrefu imefungwa. Akapiga besi ndefu ya chini, akaitenganisha B kidogo kwa nobu kama alivyozoea, akaiacha iende, mkono wake ukabaki unaelea juu ya nobu unangoja kumrudisha huyu mmoja, na hakukuwa na cha kurudisha. Akaniuliza, "IC umetoa wapi?" Nikamwonyesha kile kisahani. Akakigeuzageuza akasema kitu kidogo hivi ndio kimenifanya niiache kwenye sanduku miaka yote hii.

Kwa aliye na mashine ya namna hii, ukishajua habari ya 102Z usianze kuzing'oa seramiki zote unazoziona. Nyingi ziko pale kuchuja kelele kwenye njia za umeme kando ya IC, na kwa kazi hiyo thamani ikihama hata nusu hakuna anayejua, ziko mahali pake. Zinazotakiwa kuwa za daraja ni zile zinazopanga muda au frikwensi, kwa osileta ni hiyo ya pini 11, na ukitaka kujua yako ni ipi fuata njia ya bodi kutoka pini hiyo, usikisie kwa sura. Kwenye Pro-One ya mzee seramiki nyingine zote nimeziacha. Kilichobaki ni waya za mguso za kibodi, noti mbili za juu zinahitaji kubonyezwa kwa nguvu, hiyo ni chumvi tu, amesema ataileta tena ikipita harusi ya mjukuu wake kwasababu pale anataka kuipiga.